Mji wa Kifalme wa Wakwe Zangu

Binti yangu wa mwisho aliponipigia simu kuniambia amepata mchumba, na kwamba mchumba mwenyewe ni mtu wa kabila la Wanga, wa Mumias, tena Mwislamu, nilikuwa nimesimama shambani kwangu hapa Saboti nikitazama mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu. Niliendelea kuyatazama mpaka akadhani simu imekatika.

"Papa, uko?"

"Niko."

"Umekasirika?"

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nikimkumbuka bibi yangu. Sisi ni Wabukusu, asili yetu ni upande wa Misikhu, na bibi alikuwa akitutisha kwa Wanga kama bibi wengine walivyotisha wajukuu kwa fisi. Usipolala, askari wa Nabongo watakuja. Nabongo ni cheo cha mfalme wa Wanga, na Mumias ndiko yalikokuwa makao yake. Kwa bibi, hao ndio waliosimama na Wazungu walipokuja kutupiga kule kilima cha Chetambe, karibu na Webuye. Vita hivyo hakuviona kwa macho yake, lakini alivisimulia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa kuku jana.

"Sijakasirika," nilimwambia. "Nauliza tu. Hiyo Bungoma yote haina kijana wa Kibukusu?"

"Wako wengi, Papa. Hawanichekeshi."

Yeye ni muuguzi Bungoma, na kijana ana duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa msikitini. Mambo ya dini walikuwa wameshayaongea wao wawili wakaelewana, kila mmoja abaki na yake. Nilijaribu kuuliza zaidi, mke wangu akaninyang'anya simu na kuanza kupiga vigelegele humo humo ndani ya simu.

Wiki iliyofuata binti alikuja nyumbani, na uso wake haukuwa wa vigelegele. Mama ya kijana alikuwa hajakubali. Alikuwa mjane, mwanamke wa kauli moja, na naye alikuwa na bibi yake aliyemsimulia habari za Wabukusu. Hakukataa, ila alikuwa ameweka sharti.

"Amesema atakuja hapa na kaka yake," binti alituambia. "Atakaa, atakula. Akila kwetu akashiba, atasema ndiyo. Asipokula, anasema hapo hakuna la kuongea."

Mke wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwetu pia ndivyo ilivyo. Mgeni akitoka kwako bila kutia kitu mdomoni, amekuambia yote aliyotaka kukuambia.

"Basi atakula," nilisema. "Nitachinja ndume."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona ni la hekima. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo pekee ambalo mwalimu aliwahi kuwaambia wenzangu wanipigie makofi lilikuwa historia. Nikaona kwamba ng'ombe peke yake hatoshi. Mama huyo nitampokea kwa habari za mji wake. Nitasimama mbele yao na kuitaja Mumias kama mtu anayetaja kwao, na ile hofu ya Wabukusu itayeyuka kama sukari ya huko huko kwao.

Nikaanza kuusoma mji. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilimuuliza mwalimu mstaafu wa mji wa Kwanza na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye miwa. Na kila jambo nililopata nilimpelekea mke wangu, ambaye jioni hizo alikuwa akipukuchua mahindi barazani.

"Unajua Mumias zamani iliitwa nini?"

"Sijui."

"Elureko. Hili jina la sasa ni la mfalme wao. Na unajua misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipumzika hapo? Wanatoka baharini kwa miguu, wanaelekea Buganda, wanafika kwa Nabongo wanapewa chakula na mahali pa kulala. Ndiyo Uislamu ukaingia huku kwetu."

"Sawa. Na wageni wetu nitawapikia wali au ugali?"

"Vyote. Halafu sikia. Wazungu walipokuja nao wakaweka ofisi yao hapo hapo. Kakamega ilikuwa haijawa kitu! Baadaye ndiyo wakahamia Kakamega."

"Walihama kwa nini?"

Hilo sikulijua, nikaingia ndani kulitafuta.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni la mpaka. Zamani za mwanzo za Wazungu, sehemu hii yetu yote ilihesabiwa kuwa Uganda, na Mumias ilikuwa mji wa Uganda. Kisha mpaka ukasogezwa. Mzee wa Misikhu angeweza kulala Uganda na kuamka upande huu bila kutoka kitandani. Nilimsimulia hilo kila aliyekuja kununua maziwa.

Hata hayo hayakunitosha. Siku moja nilimwambia mke wangu naenda Kitale kutafuta dawa ya mifugo, nikaenda Mumias. Nilipita Bungoma nikiinamisha kichwa kama mwizi ili binti yangu asinione. Mumias yenyewe niliiona mji kama miji mingine, matrekta ya miwa, maduka ya simu, vumbi, adhana ya adhuhuri ikitoka msikitini. Kwa macho tu huwezi kujua kwamba hapa palikuwa na mfalme. Nilikula pilau ya mbuzi kwenye hoteli moja karibu na msikiti, tamu ajabu, nikaendelea mpaka Matungu walikozikwa wafalme.

Mzee aliyenipokea huko alikuwa na meno machache na maneno mengi. Aliniambia kwamba wafalme wa kale walizikwa wakiwa wameketi.

"Kwa nini wameketi?"

"Mfalme akilala, nani atatawala?" alisema. Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ni wa wapi?"

"Kitale."

"Kitale hakuna watu, kuna mahindi. Asili."

"Misikhu."

"Ahaa, Mbukusu!" Alipiga paja lake kwa kicheko. "Umekuja kuhakikisha kama kweli wamekufa?"

Nilicheka nikamwambia ukweli, kwamba natafuta habari za wakwe. Akanieleza juu ya bangili ya shaba. Nabongo alivaa bangili ya shaba mkononi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ufalme wenyewe. Mwenye bangili ndiye mfalme. Aliponisindikiza barabarani aliniambia, "Wasalimie wakwe. Na mkiwalisha, muwalishe vizuri. Sisi watu wa Mumias tumezoea kupokea wageni, tunajua mpokeaji mzuri tukimwona."

Nilirudi nyumbani nimejaa. Hata niliposahau kununua dawa ya mifugo, sikuona haya.

Siku mbili kabla ya wageni kuja, binti yangu alinipigia.

"Papa, kuhusu ng'ombe..."

"Ng'ombe niachie mimi."

"Najua, lakini nilitaka kukuambia..."

"Mama, nimesema niachie. Wewe uliwahi kujua kwamba babu zako walizaliwa Uganda?" Nikamweleza habari ya mpaka tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza. Watoto wangu wote wana adabu hiyo, nami nimeitumia vibaya maisha yangu yote. Nilipomaliza alisema zamu yake ya kazi imefika, akakata.

Mke wangu naye aliniuliza jioni hiyo, "Mambo ya ndume umepanga?"

"Nimepanga."

Na kweli nilikuwa nimepanga. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Misikhu na vijana wake. Ng'ombe wa wageni waliokuja kwa ajili ya binti huchinjwa na baba yake mkubwa. Hiyo ni heshima yake, na ndugu yangu alikuwa ameisubiri tangu mtoto huyu azaliwe. Alikuja na kisu chake mwenyewe, kimefungwa kwa gunia.

Jumamosi alfajiri, ukungu ukiwa bado haujashuka wote kutoka Mlima Elgon, tulimwangusha ndume. Mimi nilishika kamba. Huku ndugu yangu akipima shingo, nilikuwa nikimsimulia habari za bangili ya shaba.

"Kwa hivyo mfalme akifa wanaitoa mkononi?" aliuliza.

"Anavishwa mrithi."

"Maneno hayo," alisema, na kisu kikapita.

Saa nne hivi binti yangu alifika na mifuko ya mchele na maua ya mezani. Aliingia kwa lango akitabasamu, akaona ngozi imetandazwa juu ya ua, akasimama.

"Papa. Nani amechinja?"

"Baba yako mkubwa."

"Baba mkubwa amesilimu lini?"

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Si kwamba nilikuwa sijui. Hapa Magharibi hakuna asiyejua. Harusi ngapi, matanga mangapi nimeona Mwislamu akitafutwa asubuhi aje ashike kisu, ili kila atakayekuja aweze kula? Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa msikitini Kitale kumleta mchinjaji, kwa sherehe ya jirani. Nililijua jambo hilo kabla sijajua neno Elureko. Lakini mwezi mzima nilikuwa nikiishi na wafalme walioketi chini ya ardhi, na watu walio hai waliokuwa wakija kwangu kula niliwasahau.

"Ulisema umepanga," mke wangu alisema kutoka mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

Binti aliweka mifuko chini. "Nilikupigia, Papa," alisema, "nilitaka kukuambia." Akaenda kuketi kwenye kigoda cha jikoni, mgongo kwetu. Nyama ilikuwa imeshaanza kuchemka katika masufuria makubwa, na harufu yake ilikuwa nzuri, jambo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Ndugu yangu alinivuta kando. "Wandase, ndugu yangu, usihangaike. Nyama ishakufa bana, itasema nini? Wao watasema bismillahi yao, watakula."

"Na wakiuliza?"

"Ati wakiuliza. Mgeni gani anauliza? Wewe usiposema, mimi sisemi. Vijana hawasemi. Mama yao atakula, atashiba, atasema ndiyo. Si hiyo ndiyo tunataka?"

Nakiri kwamba nililifikiria. Kwa muda wa kutembea kutoka kwenye ghala la mahindi mpaka mlangoni, nilikuwa nimekubaliana naye kabisa. Kisha gari likapiga honi langoni.

Waliteremka. Kijana mwenyewe, mrefu, mwenye haya. Mjomba wake, mzee wa kanzu nyeupe na bakora, aliyetazama shamba langu kwa jicho la mtu anayejua mahindi. Na mama, mnene wa wastani, leso mbili, uso uliotulia. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata vijana wa ndugu yangu. Tuliwaingiza ndani, wakaketi, na mke wangu akanitazama. Nilikuwa na la kufanya, lakini nilikuwa mwoga, kwa hiyo nilifanya nililokuwa nimelifanyia mazoezi. Nilisimama, nikaanza hotuba.

Nilitaja Elureko, na mjomba akaketi vizuri. Nilitaja misafara akasema, "Enhe." Nilipofika kwenye mpaka alikuwa akicheka kwa sauti na kumgonga mpwa wake goti. "Sikia! Sikia Mbukusu anavyotufundisha kwetu!" Nilipotaja bangili ya shaba alinyanyua mkono wake mtupu akauonyesha chumba kizima. "Mimi naona yangu walinisahau."

Watu walicheka. Mama ya kijana alitabasamu pia.

"Baba," alisema, "habari zetu unazijua kuliko sisi. Tumefurahi. Lakini mimi, kama ulivyoambiwa, nimekuja kula."

Kicheko kikapanda tena. Mke wangu alikuwa mlangoni na birika la kunawia. Nyuma yake alisimama binti yangu, na nilimwona akinitazama. Hakunionya wala hakunisihi. Alikuwa anangoja tu kuona baba yake ni mtu gani.

"Mama," nilisema, "nyama hii msile."

Mke wangu akasimama na birika lake.

"Ng'ombe tumemchinja wenyewe. Ndugu yangu ndiye aliyeshika kisu, lakini kosa si lake. Mimi ndiye mwenye mji, na binti yangu alitaka kunikumbusha nikakataa kumsikiliza, kwa sababu nilikuwa namsomesha habari za Mumias. Nimewajua wafalme wenu wote, nikawasahau ninyi."

Kijana alitazama viatu vyake. Nje jogoo aliwika, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Ungeweza kunyamaza," mama alisema.

"Nilishauriwa hivyo."

Ndugu yangu aliinua macho akaanza kukagua mabati ya paa.

Mjomba aliweka bakora sakafuni. "Mzee mwenzangu," alisema, "umesoma sana. Je, habari ya babu ya babu yetu uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Huwezi. Haijaandikwa, ni yetu ya nyumbani. Huyo mzee alipenda wageni kuliko watoto wake. Msafara ukija kutoka pwani, anachinja kondoo dume, anachoma, anawapelekea. Wanamshukuru sana, hawali. Kondoo analiwa na mbwa. Msafara mwingine, vile vile. Wanamshukuru, hawali. Mke wake akachoka. Akamwambia, 'Bwana, ama uache kupenda wageni, ama ukajifunze wanavyochinja.' Mzee akaenda kujifunza kuchinja." Aliokota bakora yake. "Alipomaliza kujifunza alikuwa Mwislamu. Wengine waliingia dini kwa mlango wa msikiti. Sisi tuliingilia jikoni."

Mama ya kijana ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho hakikulingana na uso wake uliotulia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akasimama, akaifunga hiyo leso kiunoni.

"Kuku mnao?"

"Wako," mke wangu alisema, "lakini..."

"Kaka yangu atachinja. Mnitafutie sufuria ambayo haijaonja nyama ya leo, na mwiko wake."

Binti yangu alitoka mbio. Nilimsikia akisugua sufuria kwa majivu huko nje kana kwamba anataka kuitoboa.

Kuku wangu ni wa kienyeji, wamekulia shambani, hawajazoea kushikwa. Mjomba aliingiza pindo la kanzu kwenye mkanda, akaingia uwanjani na bakora. Ndugu yangu, aliyekuwa na deni la aibu, akamfuata. Kijana alivua koti. Mimi niliziba njia ya kwenda kwenye mahindi, na kuku wa kwanza akapita katikati ya miguu yangu.

"Mkwe umeshika nini hapo?" mjomba aliniuliza.

"Hewa."

"Mlinde na upande wa choo! Anakwenda choo!"

Jogoo mkubwa alipanda juu ya ghala la mahindi na kututazama kwa dharau. Kijana alipanda kumfuata, mtu wa vipuri mwenye viatu vya ngozi, akamdaka mguu wakashuka wote wawili na sehemu ya ukuta wa ghala. Vijana wa ndugu yangu walishangilia kama mpirani. Mjomba alielekea kibla, akataja jina la Mungu, akafanya kazi yake kwa utulivu mkubwa ingawa kanzu ilikuwa na matope mpaka magotini.

Jikoni niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mkwe wa kike, mgeni wa siku ya kwanza, ameketi kwenye kigoda akinyonyoa kuku na mke wangu, wakibishana kuhusu chumvi. Binti yangu alikuwa katikati yao akikata vitunguu na kulia, akisema ni vitunguu.

Tulikula saa kumi. Ndume yule aliliwa na majirani, na ndugu yangu, aliyeapa kwamba hawezi kumwacha aende bure. Wageni walikula kuku, ugali na mboga. Mama ya kijana alikula polepole bila kusema kitu, na mimi nilihesabu matonge yake kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Alichukua ugali mara ya pili. Alivunja mfupa wa paja akanyonya uboho. Hatimaye alisukuma sahani, akanawa mikono, akaikausha kwa leso bila haraka.

"Nimeshiba," alisema.



Alimgeukia binti yangu, akamtazama juu mpaka chini, mikono yenye harufu ya vitunguu na macho mekundu. "Huyu nitamchukua." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini siku ya harusi, Baba, ng'ombe mtatuletea akiwa anatembea mwenyewe."